Vidonge vya Mama

Kila jioni, taarifa ya habari ilipoanza redioni, mama yake Chiriku aliacha chochote alichokuwa akifanya. Kama alikuwa akipiga pasi, aliisimamisha pasi ya mkaa juu ya kigae. Kama alikuwa akimnyonyesha mtoto, alimpakata kwa mkono mmoja. Kisha alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kopo la bati, akatoa kidonge kimoja kidogo na kukimeza kwa maji.

"Mama, hiyo ni dawa ya nini?" Chiriku aliwahi kumuuliza.

"Ni dawa yangu," mama akajibu. "Kunja hizo taulo."

Mazungumzo yakaishia hapo. Majirani walimpa msichana huyu jina la Chiriku kwa sababu alikuwa na mdomo usiojua kupumzika, lakini hata yeye alijua kwamba mama akijibu kwa sauti ile, hakuna la kuongeza.

Mama alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa mtaa wa pili, na uani kwao kamba zilijaa vitambaa vyeupe tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na madirisha ya chuma, na alirudi nyumbani macho mekundu, shati limetobolewa na cheche. "Shati langu lina madirisha mengi kuliko karakana nzima," alipenda kusema, na mama alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Nyumba ilikuwa na mtoto mwingine, mdogo wake Chiriku, aliyekuwa ameanza kutambaa. Kuzaliwa kwake nusura kumuue mama. Siku ile miguu ya mama ilikuwa imevimba kama mito, kisha ghafla macho yakamgeuka, mwili ukaanza kutetemeka, na povu likamtoka mdomoni. Baba alimpakia kwenye mkokoteni na kuusukuma mbio mpaka hospitali, bila viatu. Mama alipona, ila tangu siku hiyo Chiriku alibaki na hofu moja iliyopita zote: mama asife.

Jumamosi moja Chiriku alikuwa ndani akipanga mashuka, pamoja na rafiki yake wa darasani aliyeitwa Mashavu, binti wa mwanamke fundi cherehani wa nyumba ya jirani. Chiriku alipanda kigoda ili aweke mashuka juu ya kabati. Kiwiko kikagonga kopo, likaanguka, kifuniko kikafunguka. Pakiti ya vidonge ikateleza sakafuni.

Mashavu akaiokota. "Ha! Hivi navijua. Si vidonge vya kupanga uzazi hivi?"

"Lete hapa."

"Mama yangu anasema havifai hata kidogo. Haviyeyuki! Vinajikusanya tumboni, kimoja juu ya kingine, mpaka vinakuwa kama jiwe. Kuna mama mmoja alipasuliwa wakavikuta vimejaa."

"Muongo wewe."

"Haki ya Mungu! Na alianza hivihivi, kuumwa kichwa. Baadaye akafa."

Chiriku akamkumbuka mama yake. Asubuhi ile mama alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Ni kweli kwamba jua lilikuwa kali na mama alikuwa ameinamia pasi ya moto tangu alfajiri, lakini Chiriku hakuliwaza hilo. Aliliwaza jiwe.

Mashavu alipoondoka, Chiriku hakumuuliza mama wala mtu mwingine. Aliichukua pakiti ile, akaingia chooni, akaitumbukiza. Akamwaga ndoo ya maji juu yake. Alipotoka nje alimkuta mama akianika foronya, akamtazama kwa huruma kubwa, kama mtu aliyemwokoa mwenzake bila yeye kujua.

Jioni taarifa ya habari ikaanza. Mama akashusha kopo. Akalitikisa, akachungulia ndani, akapapasa juu ya kabati na nyuma yake. Hatimaye akamgeukia baba, aliyekuwa akifungua kamba za viatu.

"Dawa yangu iko wapi?"

"Dawa gani?"

"Baba Chiriku, usinifanyie hivyo. Unaijua."

Baba alikuwa amewahi kusema, siku mama alipotoka kliniki na vidonge vile, kwamba yeye angependa wapate mtoto mwingine upesi, maana nyumba ya watoto wawili ni kimya mno. Alilisema mara moja tu, kwa utani, kisha akalisahau. Mama hakulisahau.

"Sijaigusa," akasema baba.

"Basi imeota miguu?"

"Nimekwambia sijaigusa! Unataka nile kiapo?"

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na mdogo wake mgongoni. Akafungua mdomo. Akawaza: nikisema, mama atapewa vingine na atavimeza. Akaufunga.

Kuanzia jioni hiyo nyumba ilibadilika. Wazazi waliongea kwa maneno ya kukatakata: nipe, chukua, weka pale. Utani wa shati la madirisha ukakoma. Mama hakurudi kliniki. Aliona haya kumwambia nesi kwamba mumewe ametupa dawa, akajiambia atakwenda wiki ijayo, kisha wiki ijayo nyingine. Muda ulivyopita wazazi walipatana kwa maneno, ila moyoni mama alibaki na lake.

"Chiriku, siku hizi umekuwa bubu?" mama alimuuliza siku moja.

"Nimechoka tu, mama."

Haukupita muda mrefu mama akaanza kutapika asubuhi. Alikwenda kliniki akiwa na Chiriku, aliyembeba mtoto. Nesi alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Alimfunga mama mkanda wa kupimia presha mkononi, akasoma, akapima tena. Kisha akamtuma mama kwenye vipimo vingine, na majibu yaliporudi alivua miwani.

"Mama, una ujauzito. Na presha yako iko juu. Nilikwambia nini ulipojifungua huyu? Ukipata mimba nyingine kabla mwili haujapona, unaweza kufa. Ndiyo maana nilikupa vidonge."

Mama aliangalia sakafu. "Vilipotea."

"Vikipotea si unarudi siku hiyohiyo? Tungekupa vingine, na tungekueleza cha kufanya kwa siku ulizoruka. Hukutakiwa kukaa hivihivi bila kinga!"

Sasa Chiriku akaelewa. Vidonge vile havikuwa vikimuua mama. Vilikuwa vikimlinda. Neno likamfika kooni: ni mimi. Lakini halikutoka. Mara ya kwanza alinyamaza kwa sababu ya kumwogopea mama. Safari hii alinyamaza kwa kujiogopea mwenyewe, na alijua tofauti hiyo, na hiyo ndiyo iliyomkosesha raha.

Miezi ikapita. Tumbo la mama likakua, na miguu nayo ikaanza kuvimba. Nesi alimwambia apumzike na arudi kliniki mara kwa mara. Kurudi alirudi, ila kupumzika hakukuwezekana, mashuka yalikuwa yanasubiri. Baba alizoea kumnyang'anya ndoo. Mama alimwachia bila kumtazama.

Siku moja mchana Chiriku alirudi kutoka shule akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Pasi ilikuwa imelala juu ya shuka, moshi ukipanda. Mama alikuwa chini, macho yamegeuka, mikono imekakamaa, anatetemeka. Mdogo wake alikuwa ameketi karibu, analia na kumvuta gauni.

Chiriku akapiga yowe. Fundi cherehani alikuja mbio, uzi ukiwa bado unaning'inia midomoni. Aliiondoa pasi, akamlaza mama kwa ubavu, akamtuma Mashavu amwite baba. Baba alifika na miwani ya kuchomelea ikiwa kwenye paji la uso. Walimpakia mama kwenye gari la mwenye karakana wakaondoka.

Hospitalini walikaa kwenye benchi la ushoroba, mbele ya mlango uliofungwa. Baba alikaa mkono mmoja ukiwa kichwani. Fundi cherehani alimpakata mtoto. Mama mdogo wa Chiriku, yaani mdogo wake mama, aliwasili akihema, na alipomwona baba hakumsalimu.

"Umefurahi sasa?" akasema. "Dada yangu alinieleza yote. Alipewa dawa ili asife, wewe ukazitupa kwa sababu unataka watoto. Haya, umewapata?"

Baba hakusema tena kwamba hakuigusa dawa ile. Alikuwa ameshalisema mara nyingi, na hakuna aliyemwamini. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayekubali.

Chiriku hakuweza kukitazama kisogo kile.

"Siyo baba," akasema.

"Wewe nyamaza, mambo ya wakubwa haya."

"Siyo baba! Ni mimi. Mimi ndiye niliyezitupa chooni." Sasa maneno yalimtoka yote pamoja, na machozi na kamasi. "Niliambiwa zinakuwa jiwe tumboni. Mama alikuwa anaumwa kichwa. Nilifikiri atakufa."

Fundi cherehani akaacha kumbembeleza mtoto. "Jiwe?" akanong'ona. "Hayo ni maneno yangu. Niliyasikia kwa watu, nikayasema tu."

Baba alimtazama binti yake kama anavyotazama chuma kilichopinda asijue aanze kugonga wapi. "Miezi yote hii," akasema polepole. "Mama yako anaishi na mimi kama anaishi na adui. Na wewe unaona?"

"Niliogopa, baba."

Kabla hajasema zaidi, mlango ukafunguliwa. Daktari alitoka, akavua barakoa. Mama yuko hai, akasema, hali yake bado ni mbaya ila wanaidhibiti. Mtoto hawakuweza kumwokoa. Alikuwa msichana, na alikuwa mdogo mno.

Mama mdogo akaangua kilio. Baba alisimama, akaenda mpaka mwisho wa ushoroba, akaegemea ukuta. Aliporudi, alikaa karibu na Chiriku na kumshika mkono kwa kiganja chake kigumu. Hakuuachia mkono ule mpaka walipoitwa kumwona mama.

Baba ndiye aliyemzika mtoto. Mama alibaki hospitali, na nguvu zilipomrudia kidogo, baba alimleta Chiriku kando ya kitanda aseme mwenyewe. Chiriku akasema. Mama alifumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua, alimtazama baba kwanza.

"Nisamehe, Baba Chiriku."

"Tutaongea nyumbani," akajibu baba.

Siku ya kuruhusiwa, nesi wa kliniki aliomba awaone wote, pamoja na fundi cherehani. Aliweka pakiti mpya mezani.

"Hivi anavitumia hata mama anayenyonyesha," akasema, "havikaushi maziwa. Anavitumia hata mwenye presha kama wewe, ingawa kuna vidonge vingine vya uzazi ambavyo nisingethubutu kukupa. Vinaweza kuvuruga siku zako za hedhi, usishtuke, njoo tuongee. Siku ukitaka kuacha, unaacha, na uzazi unarudi. Na haviwi jiwe! Vinayeyuka kama dawa nyingine, nguvu yake inakwisha upesi. Ndiyo maana lazima umeze kila siku, saa ileile. Ukichelewa sana, kinga inapungua."

Fundi cherehani alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kanga. Chiriku akauliza kwa sauti ndogo, "Je, mimi ndiye niliyemuua mtoto?"

Nesi akamgeukia. "Hapana," akasema. "Ulitupa dawa isiyo yako bila kuuliza. Hilo ni kosa, sitakudanganya kwamba si kosa. Ila mama angeweza kurudi kwangu siku ileile. Jirani angeweza kuuliza kabla ya kueneza. Na mimi ningeweza kumwita baba mwanzoni nikawaeleza wote wawili. Kila mmoja wetu alikuwa na neno au swali akalibana. Jambo la afya usilichukue mtaani, lilete kwa anayelijua. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

Fundi cherehani akatangulia, nao wakatembea kurudi nyumbani polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Kwenye ukuta mfupi wa shule mama aliketi, akamvuta Chiriku karibu.

"Uliniuliza ile dawa ni ya nini, nikakutuma ukunje taulo," akasema. "Niliona haya. Ningekujibu, usingemwamini Mashavu. Kuanzia leo, chochote kinachokutisha, niletee mimi kwanza. Hata kama ni aibu. Hata kama umekosa. Nitakasirika, lakini nitakusikiliza. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Haya, uliza unachotaka."

Chiriku akamtazama mdogo wake. "Yule mtoto alikuwa anafanana na nani?"

"Mimi sikumwona. Muulize baba yako."

Baba alikuwa amembeba mdogo wake Chiriku, amegeukia barabarani. Akamgeukia Chiriku.

"Alifanana na wewe," akasema.

Kisha akampandisha mtoto mabegani, akampa mama mkono ainuke, na wote wanne wakaendelea na safari.