Kuni za Boaz

Siku ile mjinga alikuwa Sostenes, na mpaka leo mwenyewe hakatai.

Ilianza kama jioni nyingine yoyote ya Katoro. Alitoka shule, akabadili sare, akakaa nyuma ya meza ya dagaa ya mama yake sokoni, akachukua simu ya mama. Miezi mitano tangu wahame kutoka Runzewe, na shuleni bado walimwita "mgeni". Mtandaoni alikuwa na marafiki mia mbili na kumi. Mapumziko alikula muhogo peke yake.

Jioni hiyo alimkumbuka Vumilia, bibi yake aliyemlea. Akatafuta picha ya bibi, akaitoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, maana aliona inapendeza. Akaizungushia maua. Chini yake akaandika, "Nimekukumbuka sana, bibi yangu. Hakuna kama wewe," akaituma.

Kabla mama hajafunga biashara, majibu yalikuwa yamejaa. "Pole sana." "Jikaze, ndugu." Sostenes akashangaa jinsi watu wanavyojua kumhurumia mpweke. Akawajibu mmoja mmoja: "Asante."

Kesho yake jioni mjomba Theonest alipiga simu kutoka Runzewe.

"Dada, huku wamekuja watu na unga na masufuria. Wanauliza kaburi linachimbwa wapi."

"Kaburi la nani?" mama akauliza.

"La mama. Na mama mwenyewe ndiye anawakaribisha. Kakaa hapa anapukuchua mahindi. Wanasema mjukuu wake katangaza."

Mama akamgeukia Sostenes taratibu. Sostenes akaitazama ile picha, akayatazama maua, na hapo ndipo akaelewa zile pole zilikuwa za nini.

Jumamosi wakapanda basi kwenda kuomba radhi. Sostenes aliingia uani kwa bibi kichwa chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Marehemu hajambo."

Binamu yake Wiliam, aliyeishi hapo na aliyekuwa kidato cha tatu, alicheka hadi akashika ukuta. Sostenes hakucheka.

"Nilikuwa nimekukumbuka tu, bibi. Kule sina mtu."

Bibi akaweka gunzi chini. Akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake, kitochi kilichofungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

"Hiki hakina picha, lakini kinaita. Tangu mhame umenipigia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi kila jioni nakiweka hapa magotini. Nakungoja wewe."

Kumbe kila jioni, huku Sostenes akitazama kioo cha simu sokoni, mwenzake wa upweke alikuwa Runzewe, ameshika simu isiyoita.

"Ulinikumbuka ukawaambia watu mia mbili," bibi akaendelea kwa upole. "Mimi mwenyewe hukuniambia. Ukimkumbuka mtu, mjukuu wangu, mwambie yeye."

Sostenes akaomba simu ya mama. Akafuta kurasa zake za mtandaoni, moja baada ya nyingine. Kisha akasema atampigia bibi kila Jumapili wakitoka kanisani. Na Boaz, aliyekuwa akikaa naye dawati moja shuleni Runzewe na ambaye kwao hawana simu, atamwandikia barua. Atampa kondakta wa basi, na mjomba ataipokea stendi.

"Barua?" Wiliam akadakia. "Bwana mdogo, unarudi enzi za babu. Watu mia mbili na kumi unawatupa hivihivi? Siku ukifiwa kweli, nani atajua?"

Hata Sostenes alikuwa akijiuliza hivyo.

Bibi akanyoosha kidole kuelekea jikoni. Ukutani uliegemea mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba ya katani, umebaki nusu.

"Huo uliletwa siku ya msiba wangu," akasema. "Boaz alisikia kwa watu, akaubeba kichwani kutoka kwao. Aliponikuta mzima alilia, nami nikamwambia aurudishe kwao, akagoma."

"Lakini bibi," Wiliam akasema, "wale wengine nao walituma pole."

"Walituma, Wiliam. Na wewe usiku ule ulikula ugali uliopikwa kwa pole, au kwa kuni?"