Wimbo wa Dorotea Wapata Mwenyewe

Mgeni alimkuta Dorotea ana udongo hadi viwikoni. Jua la Kisesa lilikuwa limekaza. Yeye na mumewe Chenge walikuwa wakifyatua tofali nyuma ya nyumba yao, kama walivyofanya jana na juzi. Mgeni alishuka kwenye bodaboda, akajikung'uta vumbi, akasimama kando ya tofali mbichi asije akazikanyaga.

"Shikamoo, mama," alisema. "Namtafuta mama aliyeimba ule wimbo wa mvua ya harusi."

"Marahaba. Nani amekuelekeza hapa?"

"Wimbo wenyewe."

Chenge aliacha kukanyaga udongo. Dorotea akamkaribisha mgeni kwenye kigoda na kumpa maji.

Mgeni aliitwa Yeremia, mfugaji wa kijiji kimoja cha Misungwi. Mama yake, Bibi Kija, hakuwa ametoka kitandani tangu masika. Mjukuu alimwekea video ya wimbo wa Dorotea kwenye simu, na tangu siku hiyo bibi hakutaka wimbo mwingine. Alikuwa akiuomba asubuhi na jioni. Sasa alitaka kumsikia mwimbaji kwa masikio yake.

Lakini mwimbaji ni nani? Katika wimbo ule Dorotea alikuwa amewataja watu wote wa harusi. Alimtaja baba wa bibi harusi, akamtaja mwenye ng'ombe, mpishi na dereva wa lori. Alimtaja pia Mzee Masalu wa mashine ya kusaga, Kisesa. Jina lake mwenyewe hakulitaja. Shangazi yake, aliyemfundisha kuimba, alimwambia mwimbaji hajitaji. Akijitaja, anajisifu. Awataje wengine, nao watamtaja.

Basi Yeremia alikwenda Kisesa, akauliza mashine ya Mzee Masalu iko wapi. Mzee Masalu ndiye aliyemwonyesha njia.

"Lakini kwenye ile video kuna namba ya simu," Dorotea alisema.

"Nilipiga, mama. Alipokea kijana anaitwa Jonathan. Akasema mwimbaji huyo hapatikani siku hizi, atatuletea kikundi kingine. Wakaja na maspika makubwa. Mama yangu akageukia ukutani."

Dorotea alimtazama Chenge, na Chenge akatazama udongo miguuni pake.

Jonathan alikuwa na studio ndogo mjini. Miaka miwili nyuma aliwarekodi, Dorotea akiimba na Chenge akipiga zeze, akawaambia atawatangaza bure. Walimshukuru, wakampa na kuku. Baada ya hapo simu yao haikulia. Dorotea akaamini kuwa watu wamechoka na sauti yake. Aliimba mara chache kanisani, kisha hata kanisani akanyamaza. Moshi wa tanuri ulimkwaruza koo, na jioni alikuwa hoi. Chenge alikuwa ameshapata mtu wa kununua zeze lake. Walikubaliana kwamba mavuno yakiisha bila mwaliko wowote, zeze litakwenda, na mambo ya muziki yataishia hapo.

"Wimbo umesafiri," Chenge alisema taratibu. "Sisi tumebaki na udongo."

Yeremia alieleza kuwa hana kikubwa. Angeweza kutoa nauli, chakula na jogoo mmoja. Dorotea alifikiria tanuri lililokuwa linasubiri kuchomwa na mteja aliyekuwa anasubiri tofali.

"Nitakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba," alisema. "Mwambie mama anisubiri."

Yeremia alipoondoka, sauti ilisikika nyuma ya ua wa minyaa. Jirani yao Suzana alikuwa anaanika nguo, na masikio yake hayakuwa mbali. Suzana aliuza vitenge. Duka hakuwa nalo. Wateja wake wote aliwapata kwa simu.

"Mama Sabina, umemtaja hata dereva wa lori," alisema huku akizunguka ua. "Angalau yeye anapata wateja."

Dorotea alitaka kucheka, lakini alikuwa amechoka mno hata kucheka.

Suzana aliketi akamweleza. Alisema yeye pia alianza vibaya. Alikuwa akiweka picha za vitenge bila jina wala namba, na watu wakavipenda, kisha wakaenda kununua kwa mwingine. Akasema kumwachia mtu aweke wimbo wako kwenye chaneli yake si kosa. Kosa ni kutokuwa na mahali pako pia, ambapo mtu akikutafuta anakukuta wewe.

"Na hapo mahali panauzwa kiasi gani?" aliuliza Chenge.

"Kufungua ni bure, baba. YouTube ni bure, ukurasa wa Facebook ni bure, WhatsApp ya biashara ni bure. Utanunua bando tu, na utatoa muda wako. Nisikudanganye kwamba ni kazi nyepesi."

Jumapili baada ya ibada walikwenda mjini kwa Jonathan. Hakuonekana kuona haya. Alisema chaneli ni yake, kwa hiyo namba ni yake. Walipomwomba nakala ya wimbo alisema imepotea. Dorotea alirudi nyumbani na kichwa kizito. Alimwambia Suzana waache tu, yeye si mtu wa kugombana.

"Hatugombani," alisema Suzana. "Sauti hajaichukua, iko kooni mwako. Tutarekodi upya. Siku nyingine ukienda studio yoyote, mwandikiane kwanza. Jina lako liwepo, namba yako iwepo, na nakala ubaki nayo."

Walitumia simu ya zamani ya binti yao Sabina, yenye ufa kwenye kioo. Mara ya kwanza waliisimamisha uwanjani. Waliposikiliza, upepo wa ziwa ulikuwa umemeza kila neno. Mara ya pili jogoo wa jirani aliitikia kila kibwagizo, na Chenge akasema huyo naye atataka mgawo. Mara ya tatu Suzana aliwaweka nyuma ya tanuri, mahali pasipo na upepo. Aliegemeza simu juu ya tofali, akawaambia wakae karibu, jua liwapige usoni. Sauti ikatoka safi, na uzi wa zeze ukasikika vizuri.

Kisha wakafungua chaneli. Kwenye kichwa cha video Suzana alitaka kuandika "Wimbo Mtamu Sana". Akajizuia mwenyewe.

"Hapana. Mtu akitafuta anaandika nini? Anaandika jina, anaandika Kisukuma, anaandika harusi."

Wakaandika: *Dorotea wa Kisesa, wimbo wa asili wa Kisukuma, mvua ya harusi.* Chini yake wakaweka namba ya simu, na maneno kwamba anaalikwa kwenye harusi, mavuno na sherehe za kanisa. Dorotea aliona jina lake limekaa juu pale, akainamisha kichwa.

"Shangazi angenichapa," alisema.

"Shangazi aliimba mbele ya watu waliomjua," alijibu Suzana. "Huku wanakusikia watu wasiojua hata ulizaliwa wapi. Kuwaambia jina lako ni kuwaelekeza nyumbani."

Kwenye WhatsApp ya biashara waliweka picha yao, na ujumbe mfupi wa kumkaribisha mtu anayeandika wakati Dorotea yuko kwenye udongo. Suzana alimwonya juu ya mambo mawili. Neno la siri la chaneli asimpe mtu yeyote, na namba za uhakiki zinazokuja kwa ujumbe mfupi asizisome kwa mtu yeyote, hata akijiita nani. Tena, akitokea anayeuza watazamaji, amkatalie. "Watazamaji wa kununua hawaaliki mtu harusini," alisema.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Wiki ya kwanza walitazama watu wachache, na wengi wao walikuwa Suzana mwenyewe. Dorotea alifyatua tofali, akapika, na jioni akiwa amechoka aliweka kipande kifupi cha wimbo. Siku nyingine bando liliisha katikati. Siku nyingine aliona hakuna maana. Suzana alimwambia ajibu kila anayeandika, hata anayesalimia tu, maana mtu aliyejibiwa hukumbuka.

Siku moja simu ililia akiwa anapanga kuni kwenye tanuri. Ulikuwa mwaliko wa mavuno, Magu. Wiki iliyofuata wakapiga simu watu wa kanisa moja. Walikwenda kote kuwili, na mnunuzi wa zeze alipokuja kulifuata, Chenge alimpa kiti na chai, akamwambia halitoki.

Ndipo ikaja simu kubwa. Familia moja ya mjini, Nyamagana, walikuwa na harusi ukumbini. Walikuwa wameona video. Walitaka Dorotea na Chenge, na malipo waliyotaja yangetosha kuezeka upya nyumba nzima. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba.

Dorotea aliomba dakika kidogo. Alikaa juu ya tofali. Miguu ilimuuma. Chenge aliangalia paa lao, pale walipoweka ndoo kila masika.

"Yeremia angeelewa tukimwomba tubadilishe siku," alisema Chenge.

"Yeremia angeelewa," alisema Dorotea. "Lakini mama yake ameshaambiwa tunakuja."

Chenge akaingia ndani, akatoka na zeze, akaanza kulifuta vumbi.

Dorotea aliwapigia watu wa harusi, akawaambia siku hiyo ana ahadi. Hakuwaacha hivyo hivyo. Aliwapa jina la Truphosa, mwimbaji aliyemfahamu, na namba yake Truphosa mwenyewe.

Jumamosi walifika Misungwi mchana, wamejaa vumbi. Bibi Kija alikuwa mwembamba kama ufito. Walikaa kando ya kitanda, bila ngoma, bila spika. Dorotea aliimba kwa sauti ya chini, koo likiwa bado zito kwa moshi. Midomo ya bibi ilicheza pamoja naye. Alimjua baba wa bibi harusi, alimjua mpishi, alimjua dereva wa lori.

Wimbo ulipokwisha, bibi alimtazama.

"Mbona wewe hujitaji?"

Jina lake Dorotea alikuwa ameliandika kwenye simu, lakini kinywani hakuwahi kulitia. Akavuta pumzi, akaongeza ubeti mmoja mfupi: Dorotea wa Kisesa ndiye aliyekuja, na Chenge ndiye mwenye zeze.

Bibi Kija aliitikia kwa kichwa, akafumba macho.

"Sasa anza upya, mwanangu. Wimbo wote."

Dorotea alikuwa amechoka sana. Chenge akakaza uzi, naye akaanza upya.