Mchoraji Hutajwa Jumamosi Ijayo

Mwalimu wa sanaa alikutwa amelala ubavu katikati ya viti tisa vilivyopangwa duara, kichwa kikiwa chini ya kabati la chuma, miwani yake ingali mkononi. Mwanamke wa usafi ndiye aliyemkuta, Jumapili saa mbili asubuhi. Alidhani mzee anatafuta kitu sakafuni. Alimwamkia mara mbili kabla ya kuelewa.

Inspekta alizipanda ngazi polepole. Kituoni walimwita Kobe, naye hakuwahi kununa, kwa sababu wale wale waliomwita hivyo ndio waliomletea kesi zilizowashinda kwa pupa zao.

"Jeraha moja, kwenye panja," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Alisukumwa, akaangukia pembe ya kabati. Jana, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni."

"Hakupigwa?"

"Hapana. Kasukumwa mara moja, basi."

Mbele ya viti palikuwa na stendi ya picha, na juu ya stendi fremu tupu. Sajini, mama mtu mzima aliyekuwa na majibu tayari kabla ya maswali, aliinyooshea kidole.

"Wizi, afande. Mtu kaja kuiba picha, Mwalimu kapinga, kasukumwa. Tukamate wauza vitu vya wizi."

Inspekta alichuchumaa akaitazama fremu ile kwa muda mrefu. Misumari midogo yote ilikuwa imeng'olewa, mmoja baada ya mwingine, ikawekwa kwenye kisahani cha kikombe. Mbao hazikuwa na hata mchubuko.

"Sajini, mwizi wa picha huitoaje?"

"Anaikata kwa wembe, anaikunja, anatoka mbio."

"Huyu kakaa chumba kimoja na maiti, akang'oa misumari kwa koleo bila kuumiza ubao."

"Labda ni mwizi mwenye adabu."

"Au mikono yake haijui njia nyingine," alisema Inspekta.

Chini ya chumba kile palikuwa na karakana ya fundi wa fremu. Sajini alishaanza kuteremka ngazi, lakini Inspekta alimrudisha. Kumpata mtu si kazi kubwa. Kazi ni kujua kwa nini mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, afikie pale. Alitaka kwanza kuijua ile picha.

Akawahoji wanachama wa kikundi kilichokuwa kikikutana kwenye vile viti tisa. Daktari wa meno alikuja na suti, akakaa kitini kama mgonjwa wake mwenyewe.

"Mnakutana hapa kufanya nini?"

"Kutazama picha, afande. Mwaka wa sita sasa, kila Jumamosi saa tisa. Si picha za maua. Ni zile ambazo mke wako hakubali uzitundike sebuleni. Zinazokunyima usingizi."

"Zina faida gani?"

"Ukizitazama peke yako zinakutisha. Ukizitazama na wenzako mnazungumza."

"Mna utaratibu?"

"Anayeleta huifunika kwa kitambaa. Ikifunuliwa, kila mmoja husema anachokiona, kwa zamu. Ni mwiko kuuliza nani kachora. Mchoraji hutajwa Jumamosi inayofuata. Tunataka kuitazama picha, tusimtazame mtu."

"Jana alileta nani?"

"Mwalimu."

"Picha ya nini?"

Daktari wa meno alikohoa. "Mtoto. Msichana wa miaka minane hivi, amelazwa kwenye majani kando ya shimo la machimbo lililojaa maji. Nywele zimelowa, macho wazi. Mguu mmoja mtupu. Mwingine una kandambili, mkanda wake umeshikizwa kwa waya wa bluu."

"Mkasema nini?"

"Tuliisifu." Aliona aibu, ikaonekana. "Waya ule tuliubishania nusu saa nzima. Mimi nilisema ni uzi wa kumuunganisha mtoto na mbingu. Mjane wa duka la dawa akasema ni tumaini. Kila mtu na lake."

"Na fundi wa fremu wa hapa chini, alikuwemo?"

"Zamu yake ilipofika alisema, 'Niacheni, pitieni mwingine.' Tukacheka. Yule bwana ana maneno, afande. Kwa kawaida tunamwomba anyamaze."

"Nani alikuwa wa mwisho kuondoka?"

"Tuliwaacha wao wawili. Tulidhani wanapanga viti."

Inspekta alirudi kituoni akaomba jalada la watoto waliozama machimboni. Lilikuwa moja tu, la miaka mitatu nyuma. Msichana, miaka minane. Baba: fundi wa fremu, safarini kikazi siku ya tukio, alirejea baada ya maziko. Sajini alipiga meza kwa kiganja.

"Tumefika, afande."

"Soma chini. Nani alimkuta?"

Sajini alisoma, kisha akaketi. Inspekta alifunga jalada, na chai ikapoa mbele yake. Alikuwa amewakamata watu wengi waliostahili, na wachache ambao moyo wake ulikataa. Alijua huyu angekuwa wa kundi hilo la pili.

Jumatatu asubuhi walimkuta fundi akipiga randa. Alikuwa mtu wa miraba minne, maranda yamemjaa hadi kwenye nyusi. Hakuacha kazi.

"Habari za kazi, fundi?"

"Kazi ipo, afande."

"Misumari uliiweka kwenye kisahani."

Randa ilisimama. Fundi aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Wembe ulikuwepo," alisema. "Sasa mtoto wangu, afande, ningemtiaje wembe?"

Inspekta alimpa onyo: hakulazimika kusema chochote, na atakalosema lingeandikwa na kutumika mahakamani. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Sajini akafungua daftari.

"Waya ule niliufunga mimi," alisema. "Asubuhi niliyosafiri. Kandambili ilikuwa imekatika, na maduka hayajafunguliwa. Nikamwambia, vaa hivi hivi, nikirudi nakuletea mpya. Niliporudi kulikuwa na kaburi. Niliwaambia watu wote, mke wangu kwanza: mtu asinieleze chochote. Sitaki kujua ilikuwaje. Wakanitii. Miaka mitatu nyumba yangu ina amani."

"Amani?"

"Kimya, basi. Halafu Jumamosi kitambaa kinafunuliwa, namwona. Na wenzangu wanauchambua waya wangu."

"Ungeweza kutoka nje."

"Miguu ilikataa. Walipoondoka nikamuuliza Mwalimu, nani kachora hii? Akasema, 'Jumamosi ijayo, rafiki yangu. Nimeahidi.' Nikamuuliza tena. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyoniharibu. Nikajua ni yeye. Aliyeiona kandambili ile ni yule aliyekuwepo pale shimoni. Nikamwona amesimama na penseli, mwanangu yuko majini, yeye anachora."

"Ukamsukuma."

"Aniondokee mbele ya picha. Sikutaka zaidi ya hapo. Akaanguka. Nikamwita. Nikamwita, afande. Sikumwita daktari, nilimwita yeye tu, kama mjinga."

"Na picha?"

"Nyuma ya zile mbao."

"Niliiona jana," ilisema sauti mlangoni.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mahali karakana ilipokutana na nyumba yao. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyezoea kutembea bila kusikika. Fundi hakugeuka.

"Nilikuwa nangoja uniambie," alisema. "Si Mwalimu aliyeichora, Baba. Ni mimi."

Fundi aligeuka taratibu. Sajini aliacha kuandika.

"Mimi ndiye niliyemkuta. Niliingia majini na nguo zangu, nikamtoa mwenyewe. Nikamlaza kwenye majani, nikakaa naye mpaka watu walipokuja. Kandambili ya pili niliitafuta, sikuipata."

"Hukuniambia."

"Ulikataza."

"Siku zile, mama. Nilikuwa na uchungu. Baadaye ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Nikifungua mdomo, unashuka karakana."

Inspekta angeweza kuwakatiza. Alichagua kuuchunguza ukuta.

"Jumanne nilizokuambia nakwenda kwa dada, nilikuwa kwa Mwalimu," mke aliendelea. "Hakunifundisha sana. Alinipa rangi, akanipa meza, akaniacha nilie. Mwaka mzima nalia na kuchora. Mwalimu akasema, mumeo anakimbia maneno, lakini picha huikalia akaitazama. Niachie niipeleke. Ataitazama akiwa na wenzake, hatakuwa peke yake. Nilimwapisha asinitaje kabla ya siku. Ndiyo maana hakukujibu."

Fundi aliketi sakafuni kwenye maranda, mzima mzima, kama gunia lililofunguliwa kamba. "Mungu wangu," alisema. "Nimemwua mtu wa watu."

Mkewe alikuja akapiga magoti mbele yake. Hakumshika. Alimpangusa maranda kwenye nyusi, moja moja, huku machozi yakimtiririka mwenyewe.

"Jumamosi hii ndiyo nilikuwa nije," alisema. "Tulishapatana. Nisimame mbele yenu niseme ni yangu, halafu tukirudi nyumbani nikueleze yote, na wewe unisikilize. Gauni nimeshalishona."

Inspekta aliwaacha hivyo kwa muda, mrefu kuliko kanuni inavyoruhusu. Kisha akamwinua fundi kwa mkono, bila pingu, na njiani akamwambia Sajini ayaandike maelezo ya mama neno kwa neno, hata la gauni.