Miguu ya Tangi la Maziwa

Hirbo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Wabera, mjini Isiolo. Milango, vitanda na mikokoteni ya punda, vyote vilitoka mikononi mwake, na watu walimwamini.

Mwaka 1983 mkewe, Abiba, na kikundi chake cha akina mama walipata tangi la kuletea maziwa ya ngamia kutoka Garbatulla. Lilikuwa la stenlesi, kile chuma cheupe kisichoshika kutu. Lilihitaji miguu minne ya chuma cha kawaida ili lifungwe kwenye lori. Abiba aliwaambia wenzake kwamba mume wake ataiweza kazi hiyo.

Hirbo alitumia rodi za kuchomelea za stenlesi, aina ile ile iliyounda tangi. Akaweka moto mkali ili vyuma vishikane barabara. Mshono ulitoka laini, unang'aa. Alikwenda nyumbani kichwa juu.

Safari ya kwanza, lori likirudi na maziwa, miguu miwili iling'oka. Tangi lilipinduka, na maziwa ya familia ishirini yakamwagika mchangani. Abiba alirudi nyumbani akamweleza yaliyotokea. Hakumlaumu mumewe, na hilo lilimuumiza Hirbo zaidi. Alipoukagua mshono, aliona ufa umepita katikati yake, toka mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake alikwenda Burat kwa Mzee Kaburu, mkulima ambaye zamani alitengeneza mitambo katika kiwanda cha maziwa. Alimwonyesha mguu uliong'oka.

"Ulitumia rodi gani?" Kaburu aliuliza.

"Namba mia tatu na nane, mzee."

"Hiyo ni ya stenlesi kwa stenlesi. Ukichomelea kwenye chuma cha kawaida, chuma hicho kinayeyuka na kuingia kwenye mshono. Ni kama maziwa yaliyotiwa maji. Na moto wako mkali umeongeza maji."

Kisha alimweleza habari ya feraiti. Hizo ni chembe ndogo sana ndani ya mshono wa stenlesi. Zikiwepo kiasi kidogo, mshono unapoa bila kupasuka. Zikikosekana, ufa unaingia chuma kingali moto. Zikizidi mno, nazo zinaweza kuuharibu mshono. Chuma cha kawaida kikichanganyika, feraiti inapotea na mshono unakuwa mgumu, unavunjika upesi. Kwa hiyo vyuma viwili tofauti vinataka rodi namba mia tatu na tisa, ambayo madini yake ya stenlesi yamezidishwa ili yabaki ya kutosha hata yakichanganyika na chuma cha kawaida.

Hirbo aliuliza kama sumaku ingemwonyesha feraiti. Kaburu alitikisa kichwa. Chuma cha kawaida kilicho kando kingeivuta sumaku na kumdanganya.

"Pima kwa nyundo," alisema.

Wakachomelea vipande viwili vya majaribio, wakavibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi. Cha rodi ya zamani kilikatika kwa pigo la pili. Cha rodi mpya kilipinda, kikapinda tena, bila ufa.

Hirbo alirudi Wabera. Aliusaga mshono wa zamani wote ukaisha. Akasafisha kutu na mafuta, akapunguza moto, akachomelea mistari myembamba, akiacha kila mmoja upoe kidogo kabla ya kuweka mwingine. Kazi ya nusu siku ilimchukua siku mbili. Hakuharakisha.

Safari hii alipanda lori mwenyewe. Barabara ya Garbatulla iliwatikisa kwenda na kurudi, tangi limejaa. Walipofika Isiolo, akina mama walikuwa wakingoja. Hirbo aliingia chini ya tangi, akapitisha kidole kwenye kila mguu. Hakukuwa na ufa wala tone la maziwa.

Miezi sita baadaye miguu ilikuwa imara vile vile. Mafundi wawili wa mjini walikuja kuuliza siri yake. Hirbo hakuwaficha kitu. Aliwabania kipande kwenye jiliwa, akawapa nyundo.

Siku hiyo mama mmoja mgeni alimuuliza Abiba ni nani aliyechomelea tangi lao. Abiba alinyoosha shingo.

"Ni baba watoto wangu," alisema. "Gonga uone."