Mikunjo Ilienda Wapi?

Laure alisema wanaenda kununua makala, yaani makaa ya kupikia. Mtu anayekwenda kununua makala havai viatu vya kanisani wala hajipaki mafuta mpaka shingoni, na Félicité, dada yake mkubwa, ambaye yeye humwita Yaya, aliliona hilo kabla hawajafika barabarani. Akamfuata. Mwongo muache atembee, njia itamchosha.

Uvira giza haliingii, linaanguka. Mlima unalimeza jua mapema, na huku wewe unatafuta kiberiti, ng'ambo ya ziwa Burundi bado inang'aa kama sahani. Wakakata vichochoro vya Songo katika ule mwanga wa kuazima. Mgongoni Félicité alikuwa amembeba mjukuu wake wa kike, maana Ornella, binti yake, alikwenda Sange kufuata mchele. Mtoto hakuwa na jina bado. Baba yake, Patient, na ukoo wake walikuwa wanalibishania jina hilo kama mbwa na mfupa, kwa hiyo nyumbani walimwita Kadogo tu.

"Makala iko huku juu?" Félicité akauliza.

"Yaya, tembea kwanza."

"Natembea. Mudomo nayo inatembea."

Laure akacheka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni mama mumoja wa shindano ya dawa. Anapiga mu uso. Mikunjo inaisha."

"Shindano mu uso? Weye uko na malaria ya paji?"

"Minye nauzisha vitenge, Yaya. Bateja banasema niko na kasirani. Siko na kasirani! Ni hii."

Akajigusa katikati ya nyusi. Pale palikuwa na mikunjo miwili iliyosimama wima tangu alipomzika mumewe. Wa kulia umenyooka. Wa kushoto, kule chini, umepinda kama ndoano. Soko zima lilimjua Laure kwa ndoano ile. Hata kipofu angemjua kwa kupapasa.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kichochoroni. Pazia badala ya mlango. Taa moja ndogo ya sola. Harufu ya alkoli ikawapokea, na chini yake harufu nyingine... kama ndagala walioanikwa wakanyeshewa na mvua. Félicité ameanika ndagala maisha yake yote. Alitafuta kwa macho karai, wavu, chochote.

Hapakuwa na samaki.

"Karibuni," ikasema sauti.

Walimwita Madame Providence. Uso wake ulikuwa laini kama yai, bila alama, bila hata kivuli pembeni ya mdomo. Lakini mikono! Mikono ilikuwa ya mtu ambaye watu wake walipaswa kuwa wamekwisha kumlilia na kumaliza matanga.

Alifungua termosi ya barafu, akatoa kichupa, akavuta dawa kwa sindano nyembamba kama unywele wa paka. Kisha akaeleza, pole pole, kama mtu anayesali.

"Utasikia kama siafu anakuuma. Damu itatoka kidogo. Kichwa inaweza kuuma. Ukitoka hapa usilale upesi. Usiiname. Usipanguse paji. Usikae karibu na moto. Uso hautatulia leo, utatulia siku zinazokuja, kidogo kidogo."

"Hiyo ni dawa ao ni mwiko?" Félicité akauliza.

"Ni dawa, mama."

"Na nguvu yake ikiisha?" Laure akauliza, jasho likimtoka puani.

"Miezi fulani inapita. Kisha mikunjo inarudi."

Félicité aliacha shule kabla ya kufundishwa kugawanya, lakini neno analijua. Kinachorudi kilikuwa kimekwenda mahali. Mbuzi harudi kama hakutoka.

"Inarudi kutoka wapi?"

Mwanamke akageuza macho. Macho tu. Uso ulibaki ulipokuwa.

Nje, mbwa aliyekuwa akibweka akaacha.

"Na huyu mu mugongo," akanong'ona, "jina yake ni nani?"

Kila mwanamke wa pwani ile amefundishwa na mama yake: jua likizama, mgeni hapewi jina la mtoto. Lakini kusema hana jina ni kubaya zaidi. Mtoto asiye na jina ni nyumba isiyo na mlango. Mwenye kutaka anaingia. Félicité hakufikiri sana. Akatoa la kwake mwenyewe.

"Félicité."

"Félicité..." Yule mwanamke akalirudia taratibu, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Ni muzuri."

Akainamia paji la Laure.

Laure hakulia. Alifumba macho tu, akaushika mkono wa kiti. Lakini kila sindano ilipoingia, Kadogo alishtuka mgongoni.

Sindano. Kushtuka.

Sindano. Kushtuka.

Na alikuwa amelala.

Usiku ule Félicité alimlaza Kadogo karibu na taa, akamkagua kama mchele wenye mawe. Paji laini. Asubuhi, laini. Siku zilizofuata, laini. Laure naye akawa laini: ndoano ilianza kufifia, kisha ikatoweka kabisa, na sokoni wanaume walianza kuulizia bei za vitenge wasivyovihitaji.

Ndipo asubuhi moja Félicité akanawa uso, kidole kikasimama.

Mikunjo yake anaijua. Inalala upande kwa upande, ya mtu aliyekaza macho miaka mingi akilitazama ziwa linalometameta. Hii ilikuwa imesimama. Miwili, katikati ya nyusi. Akaazima kioo cha jirani. Wa kulia umenyooka. Wa kushoto...

Akakirudisha kioo bila kuaga.

Alikwenda kwa Gracien, muuguzi wa zahanati, kijana mwenye heshima na haraka.

"Mama, ile dawa inalalisha nyama ya paji tu. Nyama ikilala, haijikunji. Ikiamuka, mikunjo inaonekana tena. Haiendi fasi yoyote."

"Na hii yangu?"

Gracien akaangalia. "Mama, hii... ni kuzeeka."

Félicité hakukasirika. Alirudi nyumbani karibu anacheka. Kama imekuja kwake, basi, uongo wake umefanya kazi. Uso wake ni gunia kuukuu. Tia tu, nani atahesabu? Mtoto yuko salama. Alijisifu kidogo, na hakuwa na mazoea ya kujisifu.

Kisha Ornella akaingia mbio, kitenge kikimwanguka kiunoni.

"Mama! Ukoo ya Patient wamekubali. Nimekuletea zawadi. Kadogo tumemupatia jina yako! Félicité! Baba yake ameshamuandikisha."

Mwiko wa kusonga bugali ukamwanguka mkononi.

"Badilisha."

"Mama?"

"Muiteni Olga. Muiteni Jumapili. Muiteni Sufuria! Hiyo jina mutoe, leo hii."

"Weye ni mama wa namna gani? Batu banaombaga hii kitu, weye unaitupa?"

Félicité akamweleza yote: pazia, harufu, swali. Ornella akasikiliza, mdomo wazi, kisha akacheka mpaka machozi.

"Mikunjo inatembea? Iko na miguu? Mama, jina imeisha kupewa. Itabaki."

Félicité akatoka bila viatu. Alipanda Songo huku mlima unalimeza jua. Atamwambia yule mwanamke ukweli: nilikudanganya, Félicité ni minye, hakuna mwingine. Alikuwa na sentensi tayari mdomoni.

Pazia halikuwepo.

Chumba kitupu. Ukutani hata msumari hapana.

"Amehama," jirani akasema, akipepeta maharage. "Alisema anafuata bateja Kamanyola."

"Lini?"

"Leo. Aliacha neno, mama. Alisema, Félicité akikuja, mwambieni namushukuru."

"Félicité gani? Mukubwa?"

Jirani akasita. "Alisema tu Félicité."

Ile harufu ya ndagala walionyeshewa ilikuwa bado imekaa ndani, bila mwenyewe.

Alipofika nyumbani hakuingia. Alisimama nje kwenye beseni, akanawa uso gizani, akapapasa katikati ya nyusi. Akapapasa tena.

Laini.

Mikunjo yake ya kulala ilikuwepo yote. Ile iliyosimama haikuwepo. Na mchana uleule alikuwa amemwona Laure sokoni, paji kama yai.

"Félicité!" Ornella akaita kutoka ndani, kwa furaha.

Bibi aligeuka. Kwenye mkeka, ndani ya mlango uliokuwa wazi, Kadogo naye aligeuka.

Félicité akaingia, akachukua taa, akapiga magoti. Mtoto alikuwa anacheka, ufizi wote nje. Mashavu yanacheka, macho yanacheka.

Paji halikucheka.

Akanyoosha kidole. Wa kulia ulikuwa umenyooka.

Wa kushoto hakutaka kuupapasa.