Wa Kulea

Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti mikubwa ya Houston wakati Merveille alipomfunga mwanawe mgongoni kwa kitenge, akachukua chupa ya maziwa na kutoka chumbani ili ashuke jikoni.

Kazi ndogo tu. Kupasha maziwa.

Yeye na mumewe, Dady, walikuwa wametoka Fort Worth kuja kwenye harusi ya shemeji yake. Nyumba ya harusi kule Katy, nje kidogo ya Houston, ilikuwa imejaa wageni mpaka gereji, basi wakatafutiwa chumba mjini, katika nyumba ya kale ya mbao yenye ghorofa moja. Ilijengwa na tajiri mmoja zaidi ya miaka mia iliyopita, na siku hizi hulaza wageni na kuwapa chai ya asubuhi.

"Wazungu wanalipa walale nyumba ya bibi yao," Dady alicheka akishusha mabegi. "Sisi ya bibi zetu tuliikimbia! Bon, Mama Ushindi, niko naenda kuchukua makoti ya harusi. Nakuya sasa hivi."

Akaondoka na gari. Nyumba ikanyamaza.

Korido ilikuwa ndefu, ina zulia jekundu na giza la mapema. Merveille alitembea polepole, Ushindi akinyonya ncha ya kitenge begani pake. Kabla ya kufika kwenye ngazi, alisikia harufu. Kafuri. Na chini ya kafuri, maziwa yaliyochacha.

Kwii... kwii...

Bibi mmoja wa kizungu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kubembea, gauni jeupe limemfunika hadi miguuni. Mgeni mwenzao, Merveille alifikiri. Akainamisha kichwa, maana alikuwa mtu wa haya.

"Mtoto mzuri," bibi alinong'ona kwa Kiingereza. "Ni wa nani?"

Sasa, kwao Uvira, kule Kongo, mzee akikuuliza hivyo si kwamba hajui. Ni salamu. Jibu lake ni moja, na Merveille alilijua tangu utotoni. Alikunja goti kidogo, akalisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Ni wako, mama."

Macho ya bibi yakang'aa.

"Wangu? Umenipa?"

"Ndiyo, mama. Ni wako."

Hapo mzee hucheka, akasema, "Asante, basi nilelee." Ndivyo salamu inavyofungwa. Mtoto hutolewa kwa mdomo, hurudishwa kwa mdomo.

Bibi hakucheka.

"Asante," alisema tu.

Jikoni, mama mwenye nyumba alikuwa anakata matunda ya asubuhi. Alimwekea Merveille maji ya moto kwenye bakuli, naye akatumbukiza chupa.

"Yule bibi wa juu ni mpole," Merveille alisema, kwa kutafuta neno la kusema.

Kisu kikasimama.

"Bibi gani? Leo wageni ni ninyi tu."

"Anayekaa kwenye kiti. Karibu na ngazi."

"Hakuna kiti pale."

Mwenye nyumba alitazama ukutani, na Merveille akatazama alikotazama. Palikuwa na picha ya zamani, imefifia. Mwanamke mwenye gauni jeupe. Mapajani mwake, mtoto mchanga mweusi.

"Mke wa aliyejenga nyumba hii," mwenye nyumba alisema kwa sauti ya chini. "Hakujaliwa mtoto. Wanawake waliompikia na kumfulia walijaliwa." Akaweka kisu chini. "Watu husema hakumnyang'anya mtu mtoto. Aliuliza kwanza. Kila mara aliuliza... na nani angeweza kumkatalia?"

"Na watoto walikwenda wapi?"

Mwenye nyumba alirudi kwenye matunda yake.

Ndipo Merveille aliposikia mtu anaimba taratibu, kwa mdomo uliofumbwa. Wimbo wa kubembeleza. Ulitoka kisogoni pake.

Na mzigo mgongoni ukawa mwepesi.

Alifungua kitenge upesi. Ushindi alikuwepo. Lakini alikuwa wa baridi kama sufuria iliyolala nje, na macho yake yalitazama ngazi. Alipopewa chupa, akageuza uso. Alipopewa ziwa, akageuza uso. Pumzi zake zikaanza kuachana. Moja... kimya... nyingine... kimya kirefu zaidi.

Juu, kiti kilibembea.

Kwii... kwii...

"Naita gari la wagonjwa!" mwenye nyumba alipiga kelele, akitafuta simu.

Merveille alikuwa tayari anapanda ngazi. Huyu mwanamke ambaye hata kanisani hakuthubutu kusimama atoe ushuhuda, alipanda mbio, mtoto kifuani, akaanguka kwa magoti yote mawili mbele ya kile kiti.

"Mama," alisema. "Hujamaliza."

Bibi aliinua kidevu.

"Kwetu mtu akipewa mtoto, kuna neno analosema. Lazima aseme."

"Neno gani?"

"Nilelee. Sema, mama. Sema nimlelee."

Kiti kikasimama. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa kooni mwa Merveille.

"Na nikisema," bibi alinong'ona, "atakuwa wangu bado?"

Merveille alimtazama mwanawe. Alisubiri pumzi. Haikuja.

"Ndiyo, mama," alisema huku akilia. "Atakuwa wako bado."

Bibi akatabasamu.

"Basi nilelee."

Ushindi akalia kilio kikali hadi mwenye nyumba akaangusha simu huko chini. Merveille alipoinua macho, mbele yake palikuwa na zulia jekundu tu, na alama mbili ndefu mahali ambapo mbao za kiti zilikandamiza.

Dady aliporudi aliwakuta barazani pamoja na mabegi, mtoto akinyonya kwa pupa.

"Mama Ushindi, nani amekufukuza?"

"Twende," alisema. "Tutalala chini Katy. Hata gereji. Twende."

Hakumweleza. Angeanzia wapi?

Jumapili iliyofuata walikuwa kanisani kwao Fort Worth. Baada ya ibada Mama Scholastique, mzee wa akina mama, alimkaribia mikono imefunguka, akicheka, akamtekenya Ushindi aliyefungwa mgongoni mwa mama yake.

"Ee, kale katoto kamenenepa! Ni ka nani haka?"

Watu wote walingoja jibu wanalolijua.

"Ni wangu," Merveille alisema.

Mikono ya Mama Scholastique ikashuka. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Adabu imepotelea Amerika." Dady alitazama viatu vyake kwa aibu.

Merveille hakuona hayo. Alikuwa ameganda. Kisogoni pake, hapo hapo ambapo mdomo wa mtoto ulikuwa umeegemea, ilipita pumzi ya baridi yenye harufu ya kafuri. Na sauti ya kizee, safari hii kwa Kiswahili, ikamsahihisha taratibu.

"Wa kulea."