Upepo Uliobaki Jangwani

Asubuhi hiyo kituo cha mafuta cha mwisho wa mji, pale lami inapoanza kufunikwa na mchanga, kilikuwa kimefurika. Malori yamepanga foleni, mabasi yanapiga honi, abiria wanagombania choo kimoja. Pembeni, chini ya kibanda cha mabati, palikuwa na karakana ya matairi. Gari dogo jeupe likaingia likichechemea, tairi la nyuma limelala kabisa. Akashuka kijana amevaa shati la samawati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, na harufu yake nzuri ikafika kabla yake.

"Fundi yuko wapi?"

"Unamwangalia," alijibu msichana aliyechuchumaa na spana mkononi. Alikuwa na ovaroli ya bluu na kitambaa chekundu kichwani, mashavu yana vumbi.

"Dada, namuuliza fundi. Sina muda wa utani."

"Na mimi kaka naliuliza gari. Hili ni la kuendesha au la kuburuta?"

Madereva wakacheka. Kijana naye akacheka, na kicheko kilimpendeza, lazima tuseme ukweli. Alipoondoka, wenzake wa karakana wakamwita Manukato, na jina likamganda.

Manukato alikuwa akiuza vigae vya duka la shangazi yake, ng'ambo ya milima. Shangazi ndiye aliyemlea, na hata lile gari lilikuwa la shangazi. Kila wiki mbili alipita pale. Safari ya pili akaja tena na pancha. Fundi akachomoa msumari, akaugeuza kwenye mwanga.

"Msumari huu haukukanyagwa. Umegongwa kwa nyundo. Tazama kichwa kilivyopondeka."

Manukato akainamisha macho. "Sasa ningekuja na sababu gani, mahabuba?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Moyo wake ukaenda hapo hapo. Binti unayesoma haya, hapo ndipo alipotakiwa kushtuka. Mtu anayetoboa tairi lake mwenyewe ili hadithi yake iwe tamu, kesho atatoboa nini? Lakini nani hushtuka anapoitwa mahabuba?

Miezi ikapita kwa simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula grisi. Wewe?"

"Mimi nakula picha yako tu."

"Basi utakonda."

Mwezi wa nane akamvisha pete nyembamba ya dhahabu, pale pale kwenye kibanda, kompresa ikinguruma. Akasema, "Sasa twende shangazi akuone."

Mama yake Fundi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mume wake ndiye aliyemfundisha binti kazi ya matairi kabla hajafariki, na barabara ile ya milima mama aliijua kwa maneno ya marehemu. Lakini majirani walishaambiwa, na furaha ya mtoto humfunga mzazi mdomo. Akasema moja tu: "Ukiona jambo la gari haliko sawa, sema. Usione haya."

"Mama, mimi ndiye fundi."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

*

Siku ya safari ugomvi ulianza gari likiwa bado mlangoni. Manukato alifungua buti, akatoa mfuko wa vyombo na pampu ndogo ya Fundi, akaviweka kibarazani.

"Hivi vya nini? Hatuendi kufungua gereji."

"Kuna vilima vya mchanga mbele. Lazima tupunguze upepo ili tupite, halafu tuujaze tukifika lami. Bila pampu tutajazaje?"

"Kuna kituo cha mafuta chini ya mlima. Panda bwana, tumechelewa."

Fundi akapanda. Geji ya kupimia upepo ilibaki kwenye mkoba wake, na humo humo, chini ya nguo, bila kusema, alikuwa ameficha ovaroli.

Saa mbili walikuwa katikati ya jangwa. Vilima vya mchanga vilisimama pande zote, vya rangi ya machungwa upande wa jua na vya rangi ya damu upande wa kivuli, na upepo ukiparua vilele vyake vikifuka kama vyungu. Barabara ilikuwa imezikwa kipande kirefu. Manukato akakanyaga mafuta. Gari likazama mpaka mlangoni.

"Nilikwambia."

"Usinianze!"

Fundi akashuka, akapunguza upepo tairi moja moja kwa kijiti, akipima kwa geji. Kutoka thelathini na tano mpaka kumi na nane. Manukato alikuwa amesimama mbali, anapangusa viatu. Gari likatoka taratibu likatambaa juu ya mchanga. Hakupata hata asante.

Walipoiona lami tena, Manukato akanyoosha mkono kiti cha nyuma, akamrushia mfuko wa nailoni.

"Vaa hiyo. Na ubandike hizo kucha."

Ndani mlikuwa na gauni la lesi la rangi ya maziwa na pakiti ya kucha nyekundu.

"Kucha za nini?"

"Za kuficha mikono yako. Nilimwambia shangazi unafanya kazi benki."

Fundi alidhani anatania. Akasubiri acheke. Hakucheka.

"Benki gani mimi?"

"Yoyote! Ulitaka nimwambie nini? Kwamba nimeokota mchumba chini ya lori?"

"Uliniokota?"

"Usikamate maneno. Shangazi ni mtu mkubwa, ana duka la ghorofa mbili. Akijua mkwe wake anaziba pancha, ananinyang'anya gari na kazi. Wewe vaa, tabasamu, nyamaza. Ni siku mbili tu."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu tutaona. Mbona unapenda vita wewe?"

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Mmefika wapi mwanangu?"

"Tumetoka mchangani, mama."

"Upepo mmejaza?"

Fundi akamtazama Manukato. "Tutajaza chini ya mlima."

"Sauti yako ina nini?"

"Vumbi tu, mama."

*

Saa sita wakafika kituo cha chini ya mlima. Milima ilisimama mbele yao kama ukuta, safu ya kwanza nyekundu isiyo na hata kichaka, na ya pili nyuma yake, ya kijani iliyoiva, wingu limeikalia. Fundi alikuwa ndani ya lesi, kucha kumi nyekundu zimekaa kwenye vidole kama wageni. Akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kujaza upepo."

"Rudi ndani! Wale wahudumu wote wanamjua shangazi. Wakikuona umechuchumaa na mpira wa upepo, habari inatangulia kabla yetu."

"Basi jaza wewe."

"Na viatu hivi? Wakinitania je? Upepo upo, si tunatembea?"

"Upepo wa matairi ni kumi na nane tu. Kwenye lami yanachemka. Kwenye kona tairi laini linang'oka kwenye rimu. Baba yangu alikuwa…"

"Baba yako, baba yako! Mimi barabara hii napita kila wiki mbili!"

"Ukiwa umejaza."

"Unapanda au hupandi? Ukibaki, baki na pete urudi nayo kwa mama yako, umweleze mlivyogombana kwa ajili ya upepo."

Hapa naomba usome taratibu. Fundi alikuwa anajua. Hapakuwa na mtu kituoni pale aliyejua kuliko yeye. Lakini aliwaza majirani, akawaza mama alivyoshona mapazia mapya ya harusi, akamtazama Manukato na bado akamwona yule wa msumari. Akapanda, akafunga mkanda, akanyamaza.

Safu ya kwanza waliipanda kwa gia ndogo. Barabara ilijikunja kama utumbo. Masikio yakaziba, chini vilima vya mchanga vikabaki mstari wa dhahabu. Ungekuwa uzuri wa kushikana mikono. Walishikana maneno.

"Umenuna kama shangingi."

"Angalia barabara."

"Usinifundishe kuendesha."

"Gari linavuta kulia, hulisikii?"

"Nakusikia wewe tu, redio isiyozimwa!"

Wakavuka bonde, wakaipanda safu ya pili. Ukungu, miti mirefu, baridi ya kuingia mifupani. Walipoanza kuteremka Manukato akaongeza mwendo kwa hasira. Kona ya tatu, tairi la mbele kulia likang'oka kwenye rimu.

Ulisikika mlio wa chuma kwenye lami. Usukani ukamponyoka. Gari likazunguka, likapiga ubavu kwenye ukuta mfupi wa mawe, likasimama. Upande wa Fundi, dirishani, hapakuwa na kitu. Ukungu, na chini ya ukungu sauti ya maji.

Kisha Manukato akaanza kulia kama mtoto. "Shangazi ataniua. Gari la watu!"

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anasubiri aulize, umeumia? Hakuuliza.

Akapita upande wa dereva, akatoka. Akachukua ovaroli, akaivaa juu ya lesi, akalisokota gauni ndani ya suruali, akafunga kitambaa chake chekundu kichwani. Akaweka mawe kuzuia magurudumu, akatoa jeki, spana ya gari na tairi la akiba. Nati zilikuwa ngumu, akapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Kucha zikang'oka moja moja, zikabaki kwenye lami kama maganda. Pete ilimbana kidole, akaivua, akaitia ndani ya kifuniko cha gurudumu pamoja na nati tano zisipotee.

Manukato alikuwa kwenye simu. "Ndiyo shangazi, pancha ndogo. Hapa hapa kona ya tatu… Hapana, usije! Halo? Shangazi?"

Lori lililokuwa linapanda likasimama. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, akamtambua Fundi.

"Si wewe wa kibandani? Umefuata nini huku, binti?"

"Ujinga, baba. Una upepo kwenye tangi?"

"Upo tele."

Akamshushia mpira, Fundi akajaza matairi mengine, akipima kwa geji yake. Thelathini na tano. Thelathini na tano. Alikuwa hajakaza nati ya mwisho gari la shangazi lilipofika.

Alishuka mama mnene, mrefu, amevaa joho jeusi na raba nyeupe, funguo zinalia mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mzima wewe? Mchumba yuko wapi? Ameumia?"

Manukato akamtazama Fundi. Ovaroli, grisi hadi viwikoni, kitambaa chekundu. Akalitazama lori. Alimpenda yule msichana, tusimzulie. Alimpenda kwa simu, alimpenda kibandani, alimpenda mahali popote ambapo shangazi hayupo.

"Mchumba hakuja, shangazi. Amepata dharura benki. Huyu ni fundi wa lori hili, wamesimama kunisaidia."

Dereva wa lori akafungua mdomo. Fundi akamwashiria kwa jicho anyamaze, akarudi kwenye nati yake, akaikaza.

Shangazi alichuchumaa kando yake, akagonga tairi kwa kiganja. "Kazi safi. Nani amekufundisha?"

"Marehemu baba."

"Mimi nilianza kwa kukoroga saruji, mwanangu, duka sikuokota. Tazama." Akamwonyesha viganja, vigumu kama soli. Akamgeukia mpwa wake, akasonya. "Na wewe unaniletea watu wa benki. Ungeniletea mwenye mikono kama hii, ningelala usingizi."

Manukato akawa wa kijivu. Alikuwa na nafasi hapo, nafasi nzima, ya neno moja tu. Akatazama viatu vyake.

Fundi akainuka, akajifuta kwa kitambaa. Akaokota kifuniko cha gurudumu, akakitikisa. Kikalia.

"Mama, nati tano zote nimezirudisha mahali pake," alisema kwa adabu. "Hii imebaki. Si ya kazi yangu."

Akamimina pete kwenye kiganja cha shangazi, akakifunga kwa vidole vyake vyeusi.

Shangazi akaitazama pete. Akalitazama gauni la lesi lililochungulia chini ya ovaroli. Akamtazama mpwa wake, polepole, kuanzia viatu kwenda juu.

"Mpenzi, ngoja," Manukato akasema, sauti ikimkatika. "Mahabuba, nilikuwa nataka kueleza…"

"Teremka kwa gia ndogo," Fundi alimwambia bila kugeuka. "Na breki usizikalie."

Akapanda lori. Walipovuka ile safu nyekundu, jua la jioni lilikuwa linapaka vilima vya mchanga kule mbali, na simu yake ilishalia mara kumi na moja. Hakuipokea mpaka ilipoandika mama.

"Mmefika?"

"Mama, usitundike mapazia."

"Umeumia?"

Ndipo Fundi akaanza kulia, kwa sababu alikuwa amelingoja swali hilo tangu kona ya tatu.